Mafundi wa spidi mita, acheni kubandua mishale ya watu!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira.

Nina Canter ya zamani, ile ya spidi mita ya waya. Inabeba dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, kwenda Musoma. Mwezi wa tano giaboksi ilifunguliwa kubadilishwa beringi, na tangu siku hiyo gari likaanza "kula" mafuta. Mwanza hadi Musoma ni karibu kilomita 220. Mita ikawa inahesabu 187. Mimi nikashika mita na risiti za dizeli, nikapiga hesabu, nikaona dereva ananipiga. Kijana wa watu, miaka sita tuko wote, nikamwita mwizi mbele ya wapakiaji. Hakujibu kitu. Akaweka funguo kwenye siti, akaondoka.

Nikashika usukani mwenyewe. Magu tochi ikanidaka: 58 kwenye 50, faini elfu 30. Mshale wangu ulikuwa unasoma 49! Nilibishana na yule askari nikijua naonewa.

Nikampelekea fundi wa dashibodi. Hakuuliza swali hata moja. Akatoa kioo, akabandua mshale kwa bisibisi, akaurudishia mbele kidogo. Elfu 40. Gari limeegeshwa, limezimwa, mshale unasoma 9! Wa pili akaurudisha kwenye sifuri, kisha akajaza grisi kwenye waya mpaka ikapanda ndani ya saa ya spidi kwenye dashibodi. Mshale ukawa unanata kwenye 30, halafu unaruka ghafla. Elfu 25 nyingine.

Jamani, hii ndiyo kazi yenu! Waya unazungushwa na pinioni, gia ndogo ya meno iliyoko kwenye giaboksi. Kule juu unazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini; kikombe kinataka kuifuata sumaku, kispiringi chembamba kama unywele kinakizuia, na hapo ndipo mshale unaposimama. Namba za kilomita hazihitaji sumaku, zinaendeshwa na meno matupu. Kwa hiyo kilomita zikiwa sawa na mshale unadanganya, ugonjwa uko kwenye saa. Vikipungua vyote viwili kwa kiwango kilekile, shuka chini: tairi, difu, pinioni. Kubandua mshale kunaongeza namba ileile kila mahali, wakati kosa lenyewe linakua kadiri mwendo unavyopanda.

Nilipima mwenyewe kuanzia Usagara, barabara ya Shinyanga, kwa vibao vya kilomita. Kilomita 20 za vibao, mita yangu ikahesabu 17. Nikarudi kwa fundi wa giaboksi, nikambana. Ndipo anasema pinioni yangu ya meno 17 ilikuwa imelika, akaniwekea ya meno 20 kutoka gari bovu. Bila kuniambia! Meno yakizidi, waya unazunguka polepole, kila kitu kinasoma pungufu. Kwake ni "kitu kidogo tu, bosi".

Nimepata ya meno 17 Nyakato kwa elfu 35, saa nayo imefunguliwa ikasafishwa grisi. Kilomita zimerudi. Fundi wa giaboksi, hela zangu nazitaka, na ile ya trafiki ni yako.

Na wewe mdogo wangu, maana simu hupokei: hukuniibia hata lita moja. Nilikuita mwizi mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Gari liko palepale Kirumba, funguo sijampa mtu.