Naomba ushauri: mume wangu amefilisika na mfilisi anaidai nyumba tuliyojenga pamoja

Ndugu zangu, mahakama imemtangaza mume wangu kuwa amefilisika, na mfilisi, yaani msimamizi wa mali za aliyefilisika, ameniandikia barua akiitaja nyumba tunamoishi kuwa miongoni mwa mali zitakazouzwa ili wadai walipwe. Hati ina jina la mume wangu peke yake, lakini kwa miaka 11 nimelipa nusu ya marejesho ya mkopo kutoka katika mshahara wangu, na risiti za saruji, ambazo wino wake umeanza kufifia, ninazo bado katika bahasha kabatini.

Ninavyoelewa, mfilisi huchukua haki ya aliyefilisika, si ya mwenzi wake, na benki yenye rehani hutangulia kulipwa; kinachobaki ndicho tunachogombea. Je, nitathibitishaje fungu langu ilhali jina langu halimo katika hati? Taarifa za benki na risiti zitatosha, au nitahitaji pia kiapo cha fundi aliyejenga?

Shemeji ananishauri tuihamishie nyumba kwangu upesi na kuuandikia uhamisho huo tarehe ya nyuma. Nimekataa, kwa kuwa huo ni udanganyifu, na mahakama ikiutengua uhamisho huo, hata dai langu la haki halitaaminika.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni karatasi niliyotia saini mume wangu alipokopa kwa ajili ya biashara. Sikuisoma yote, na sasa nahofia kwamba nilijifunga kuwa mdhamini wake. Aliyewahi kupitia hali hii naomba anielekeze nianzie wapi, maana nimepewa siku 14 za kujibu.