Simu ya Nyanya: ilale au ifungwe?

*Kikundi: Wajukuu wa Bondeni*

Alhamisi

[09:14] Shangazi Rukia: Assalam aleikum nyote. Nyanya anaondoka Nakuru Jumamosi alfajiri kwenda Kisumu harusini. Simu mpya tuliyomchangia iko wazi kama choo cha stendi. Anabonyeza kitufe cha pembeni, kioo kinakuwa cheusi, anasema ameifunga. Hajaifunga, ameilaza tu! Mwenye kuiokota anatelezesha kidole, yuko ndani. Iwekwe nambari ya siri au iachwe hivyo? Nataka jibu la kila mtu kabla ya magharibi.

[09:31] Shangazi Rukia: Naona watu 11 mmesoma.

[10:02] Hamisi: Wa aleikum salaam shangazi. Kwani ikilala si bado inapokea simu?

[10:03] Shangazi Rukia: Inapokea ikilala na inapokea ikifungwa. Hilo la pili ndilo Nyanya haamini. Ati tukiifunga hatutampata.

[10:05] Zuhura: Anachanganya na kuizima kabisa.

[10:06] Hamisi: Mngemwachia kabambe yake, ile simu ya vitufe. Menyu, nyota, umefungua. Na mwizi akiiona anakurudishia.

[10:08] Salim Kisumu: Menyu na nyota haikuwa kinga ya mwizi. Ilikuwa ya mfukoni, vitufe visijipigie watu.

[10:09] Zuhura: Kama Mjomba Swaleh siku ya pilau 😂😂

[10:09] Hamisi: Dakika 11 simu iko hewani! "Rukia anapika wali wa hospitali"

[10:10] Zuhura: Wallahi nimemwaga chai

[10:12] Shangazi Rukia: Hayo yalizungumzwa yakaisha.

[10:12] Shangazi Rukia: Na hakusema wali wa hospitali. Alisema wali wa matanga. Niliskia kwa masikio yangu.

[11:40] Mama Nassir: Nani ana mtungi wa kilo 6 aniazime hadi jioni? Gesi imeisha na maharagwe yako nusu.

[11:41] Shangazi Rukia: Mama Nassir!!

[11:43] Mama Nassir: Simu ifungwe. Na mtungi?

[13:20] Salim Kisumu: Nimetoka kwa mteja. Sikilizeni. Kufunga kioo peke yake hakutoshi. Mwizi anachomoa laini, anaitia simu nyingine, anaanza kupokea meseji za Nyanya. Laini nayo ina nambari yake ya kufungia, inaulizwa simu ikiwashwa upya. Ila ukikosea mara 3 inataka PUK, ile nambari ya kufungulia laini, tarakimu 8. Ukikosea PUK mara 10 laini imekufa.

[13:22] Zuhura: Nyanya atakosea mara 3 kabla hajavaa miwani.

[13:24] Hamisi: Tunajitisha bure. M-Pesa ina nambari yake. Hata simu ikifunguliwa, mtu atakwama hapo.

[13:25] Shangazi Rukia: Nambari hiyo imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye kipande cha pakiti ya majani ya chai, kikakunjwa mara mbili, kikawekwa nyuma ya kasha la simu. Wewe Hamisi unakijua kile kipande vizuri kuliko sisi sote.

[13:25] Zuhura: Ai

[13:31] Hamisi: Shangazi, mambo ya Desemba nililipa.

[13:31] Shangazi Rukia: Ulilipa nusu. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, iliendelea kukata kila hela aliyotumiwa hadi Machi.

[13:33] Hamisi: Sawa. Kumbe simu anafungiwa mwizi ama nafungiwa mimi? Semeni tu.

[13:34] *Hamisi amefuta ujumbe huu*

[13:50] Salim Kisumu: Tusifike huko jamani. Kidole je?

[13:52] Mwanajuma: Tulijaribu. Alama zimelika, miaka yote ile ya kukanda mahamri. Simu ilikataa mpaka akaigombeza.

[15:06] Mwanajuma: Nimemsomea Nyanya yote. Ameniambia niandike hivi, nisiongeze wala nisipunguze:

"Babu yenu alipoanguka bafuni simu yake ilikuwa karibu na mkono wake, kioo kinawaka. Mtoto wa jirani akaishika atupigie. Ikamwomba nambari. Nambari alikuwa nayo Babu peke yake. Mimi nilikuwa sokoni. Mkimaliza kubishana mniambie mmeamua nini, lakini simu yangu haifungwi."

[15:52] Zuhura: 🤲🏽

[15:58] Shangazi Rukia: Mwambie tumesikia.

[16:20] Salim Kisumu: Mwambie Nyanya pole. Lakini Mwanajuma, mwonyeshe kitu kimoja. Simu iliyofungwa ina neno Dharura pale chini. 999 na 112 zinapita bila nambari ya siri.

[16:21] Shangazi Rukia: 999 haimjui Rukia.

[16:23] Salim Kisumu: Ndiyo nafika huko. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuweka watu wa dharura. Tukiweka wewe na Mwanajuma, mtoto yeyote ataweza kuwapigia na simu imefungwa. Siku ile hatukujua. Halafu naipa muda: ikilala isijifunge papo hapo, isubiri nusu saa. Akiwa nyumbani anaishika kila mara, hata hataiona nambari. Na meseji zifichwe, maana sasa kioo kinaonyesha salio kwa abiria wote.

[16:25] Shangazi Rukia: Nusu saa kwenye stendi ni mwaka. Njiani ijifunge mara moja.

[16:26] Salim Kisumu: Basi Mwanajuma afanye kesho.

[16:40] Mwanajuma: Mimi sishiki mipangilio ya Nyanya bila yeye kukubali. Mtanilaumu mimi.

[16:41] Salim Kisumu: Nitaifanya mwenyewe akifika Kondele, hapa Kisumu.

[16:41] Shangazi Rukia: Akifika atakuwa ameshapita stendi mbili!

[18:47] Mama Nassir: Nimepata mtungi, shukran.

[21:10] Mwanajuma: Nyanya anasema atamsikiliza Salim wakionana ana kwa ana. Si kwa simu. Safarini ataiweka ndani ya leso, kifuani.

[21:12] Shangazi Rukia: Na kile kipande cha majani ya chai kitoke usiku huu.

[21:30] Shangazi Rukia: Mwanajuma?

Ijumaa

[05:48] Mjomba Swaleh: Nimeona sasa. Mimi nasema ifungwe. Na pilau ile nilisema ni nzuri, mlisikia vibaya.

[05:49] Shangazi Rukia: Mwanajuma, kipande kimetoka?

[06:30] Mwanajuma: Amekihamisha yeye mwenyewe. Hataki kusema wapi.