Wauza rimu Mtwara, acheni kutuambia "ukishanyanyua gari inaingia yoyote"

Wakuu, nina hasira na sitaficha.

Hilux yangu nimeinyanyua inchi mbili. Nikaenda duka moja hapa mjini, silitaji, kutafuta rimu za spoti za inchi 17. Muuzaji swali lake moja tu: mashimo mangapi? Sita. Nikamuuliza ofuseti, yaani uso wa kufungia rimu uko umbali gani kutoka katikati ya upana wake, akasema, "Kaka, gari imeshanyanyuka hiyo, inaingia yoyote." Nikamtaka aandike kwenye risiti kwamba zikigoma atazipokea. Akaandika. Leo anasema zimeshatumika!

Zimetumika wapi? Nimekwenda Tandahimba, na kila kona kali tairi inasaga madigadi hadi plastiki imechimbika mfereji, unga mweusi wa mpira umejaa pale. Nikafungua rimu moja. Nyuma imegongwa muhuri: upana inchi 9, ET -12 (ET ndiyo ofuseti kwa milimita; ikishuka, rimu inatoka nje). Za kiwandani zilikuwa 7.5, ET +30. Pigeni hesabu, ukingo wa nje umetoka karibu sentimita 6 kila upande. Juu yake kaniwekea tairi kubwa zaidi, 285/70 badala ya 265/65, kwa hiyo hata mshale wa spidi sasa unasoma pungufu kwa karibu asilimia 7 kuliko mwanzo. Tochi ya trafiki haijali hilo.

Kunyanyua gari kunaongeza nafasi juu ya tairi. Ukikata stelingi mpaka mwisho, tairi inagusa nyuma yake, kwenye madigadi na bodi, na huko kunyanyua hakusaidii kitu. Tena rimu ikitoka nje hivyo, tairi inafagia eneo kubwa zaidi, beringi zinaumia, stelingi inakuvuta kila ukigonga shimo. Subiri msimu wa korosho upakie magunia uone.

Na mashimo sita si jibu. Ford Ranger ina sita, Hilux ina sita, zote kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7, lakini tundu la kati la Ranger ni milimita 93.1 na la Hilux ni 106.1. Rimu ya Ranger haivai Hilux. Navara D40 nayo ina sita, ila duara lake ni 114.3. Muuzaji asiyejua haya anauza nini?

Kilichoniudhi kuliko vyote ni nati. Rimu za aloi za Toyota zinakuja na nati za washa bapa. Hizi za spoti zina viti vya koni, yaani pale nati inapokalia pamechongwa umbo la koni, zinataka nati za koni. Fundi wao kafunga zilezile bapa! Nati hiyo haikamati sawasawa, inalegea njiani, gurudumu linachomoka. Huku kwetu watu wanapanda nyuma ya pikapu, wengine na watoto. Hapo tumeshatoka kwenye habari ya pesa.

Pesa yangu naifuata, risiti ninayo. Wakati huohuo, mwenye rimu za 17, upana 8, ofuseti kati ya +20 na +30, tundu 106.1, na nati zake za koni, awe Lindi, Masasi au Nachingwea, aweke picha ya nyuma ya rimu muhuri usomeke. Picha ya mbele pekee sitaki.