Ukoo wetu Malindi: gumzo la Ijumaa usiku

Ami Sudi: Asalaam aleikum jamaa. Leo alasiri nilimpeleka mjukuu kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Akalipapasa lile jiwe, akaniuliza, "Babu, Wareno wenyewe wako wapi?" Nimerudi nalo nyumbani swali hilo.

Rukia: Waaleikum salaam Ami. Walikwenda zao, na wa leo nao wanakwenda. Trump aliposimamisha misaada Januari 2025, mradi wetu ukafungwa. Siku ya mwisho nilipanga faili za wagonjwa kabatini, nikatia kufuli, ufunguo nikamkabidhi bawabu. Miaka sita, Ami.

Shangazi Maryamu: Pole mwanangu. Mungu atakupa kheri nyingine.

Khamisi: Ndiyo maana nasema tuwageukie Wachina. Gati la kwanza la bandari ya Lamu wamejenga wao, likafunguliwa Mei 2021. Wala si wageni: 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wao twiga!

Ami Sudi: Naam, na twiga akapokewa kwa shangwe. Baada ya 1433 zile jahazi zao kubwa hazikuja tena. Waliamua kwao, Malindi haikuulizwa.

Ami Sudi: 1498 akaja Mreno. Sultani wetu alikuwa na uhasama na Mombasa, akamkaribisha Vasco, akampa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Alidhani kapata ndugu. Wareno walipoitwaa Mombasa wakamhamishia huko sultani wa Malindi, mji wetu ukanywea. Baadaye Sultani Hasan akakosana nao, akauawa. Mwanawe Yusuf wakamlea Goa, koloni lao kule Bara Hindi, wakambatiza, wakamrudisha kutawala. 1631 akaingia Fort Jesus, ngome yao ya Mombasa, akamuua kapteni wao.

Shangazi Maryamu: Subhanallah. Mtoto waliyemlea wenyewe!

Khamisi: Kwa hivyo tusiwe na rafiki, Ami?

Ami Sudi: Tuwe nao, Mchina, Mmarekani, yeyote. Lakini watazame wavuvi wa Lamu. Hawakushindana nani mkubwa duniani. Waliishtaki serikali yao wenyewe: bandari mwaijenga, sisi mlituuliza lini? 2018 Mahakama Kuu ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hapo ndipo penye nguvu yetu.

Rukia: Ami, Jumanne kuna kikao cha bajeti ya kaunti. Nataka kuuliza dawa za wagonjwa wangu zimetengewa kiasi gani.

Khamisi: Nitakupitia na pikipiki saa mbili unusu.

Shangazi Maryamu: Nami nibebeni. Nitakaa mbele.