Prosesa ya i7 kwenye mashine ya i3, au ninunue mashine nyingine?

MamaKadi_Majengo
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Majengo, Moshi, na kompyuta ninayotengenezea kadi za harusi na za kipaimara imekuwa nzito kiasi kwamba mteja anatoka, ananunua hindi la kuchoma, analimaliza, na akirudi anakuta faili la Photoshop bado halijafunguka. Ni HP yenye i3, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya daraja la chini kuliko i7. Muuzaji mmoja wa Arusha ananipa prosesa ya i7-3770 iliyotumika kwa shilingi 110,000, na mwingine ananishawishi nichukue mashine nyingine ya mtumba kwa 380,000. Desemba inabisha hodi. Nichukue ipi?

Fundi_Ngarenaro
Dada, kusema "HP yenye i3" ni sawa na kumwambia fundi wa magari kwamba una Toyota nyeupe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha utuletee modeli ya mashine na jina kamili la prosesa.

Kisongo_AM4
Mimi ningeachana na Intel, watengenezaji wa hizo i3 na i7, kabisa. Mazabodi (ubao mkuu) yangu ya B450, ya soketi ya AM4, ilianza na Ryzen, prosesa ya AMD, ya kizazi cha kwanza ya mwaka 2017, na leo ina Ryzen 5 5600 baada ya kusasisha bayosi (programu inayoiwasha mashine) tu.

Fundi_Ngarenaro
Hongera, lakini aliyeuliza hana mazabodi ya AM4, na akiinunua atalazimika kununua na ramu za aina ya DDR4. Hiyo ni mada nyingine.

MamaKadi_Majengo
Imeandikwa HP Compaq 8200 Elite, na prosesa ni i3-2100. Muuzaji amenihakikishia kwamba zote mbili ni za soketi 1155, yaani kikalio kimoja cha prosesa, kwa hiyo i7 itaingia bila shida.

Fundi_Ngarenaro
Kuingia itaingia, kuwaka ndiko hakutakuwapo. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: yako ni 2, yaani kizazi cha pili cha mwaka 2011, na ile ya muuzaji ni 3, kizazi cha mwaka 2012. Soketi ni ileile, lakini anayeamua ni chipuseti (chipu inayoongoza mazabodi) pamoja na bayosi. Mazabodi nyingi za chipuseti za H61 na Z68 zilikubali kizazi cha tatu baada ya kusasishwa, ilhali Q67, ambayo ndiyo iliyo ndani ya 8200 Elite, Intel hawakuiruhusu. Tafuta i5-2500 au i7-2600.

Mzee_wa_Sakina
Hata hizo H61 zinazosifiwa zina mambo yake. Nilikuwa nayo moja, nikanunua i5-3470, na kwa kuwa nilisoma kwamba bayosi isasishwe kwanza huku prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, nikafanya hivyo, saa tatu usiku, wakati umeme umetulia. Mstari ulipofika katikati, umeme ukakatika mtaa mzima. UPS ilikuwapo chini ya meza, ila betri yake ilikuwa imekufa muda mrefu na mimi nilikuwa naitumia kama ekstensheni tu. Ilitoa mlio mmoja, ikanyamaza. Umeme uliporudi, feni ilizunguka na skrini ikabaki nyeusi. Fundi alikitoa kile kidude cha miguu minane kinachohifadhi bayosi ili akiandike upya, akang'oa na njia ya shaba kwenye ubao. Nikabaki na prosesa mkononi isiyo na pa kukaa. Bado ninayo, kama kuna anayeihitaji.

Njiro_Taratibu
Pole, mzee. Lakini dada, una diski ya aina gani? Ikiwa ni ile ya kuzunguka, SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) na ramu ya GB 8 vitakupa nafuu kuliko i7 yoyote. Pia kumbuka kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, isipokuwa kwa chache tu, haiitambui rasmi Intel iliyo chini ya kizazi cha nane.

Kisongo_AM4
Watu wanaiweka kwenye kizazi cha pili na inafanya kazi.

Njiro_Taratibu
Nimesema rasmi. Mashine ya biashara sipendi iishi kwa ujanja.

MamaKadi_Majengo
Nimeifungua sasa hivi. Diski ni ya kuzunguka, ndogo kama ya laputopu, na ramu nazo ni zile fupi. Chaja yake iko nje. Samahani, mwishoni mwa jina la modeli kulikuwa na herufi USDT ambazo sikuziandika, nikidhani hazina maana.

Fundi_Ngarenaro
Zina maana kuliko yote uliyoandika. Hilo ni umbo dogo kabisa la 8200, na halikutengenezewa prosesa inayozidi wati 65. I7-2600 na i5-2500 ni za wati 95, kwa hiyo nafuta ushauri wangu wa mwanzo. Zinazofaa ni zenye S mwishoni, za wati 65, kama i7-2600S au i5-2400S, na hizo madukani huku hazionekani kirahisi.

MamaKadi_Majengo
Nimempigia yule wa Arusha; anasema S ni herufi tu, prosesa ni ileile. Wa 380,000 naye anasema mashine yake ni Dell yenye i5.

Fundi_Ngarenaro
Dell ipi, na i5 ya ngapi?

MamaKadi_Majengo
Amesema niende kuiona kesho.

Mzee_wa_Sakina
Nenda nayo hiyo msinfo32. Na ile i5-3470 yangu bado ipo.