Datsun ya Babu imefunguliwa: gumzo la kikundi cha ukoo

Mjukuu wa Cheyo (saa 1:12 asubuhi)
Shikamooni wazee wangu. Babu, naomba nikutaarifu kwamba jana jioni fundi na mimi tulimaliza kuishusha injini ya Datsun yako, nayo sasa imekaa juu ya magogo mawili chini ya mwembe hapa Cheyo, Tabora. Leo tunakusudia kufungua silinda hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda. Sisi wajukuu hatujawahi kuisikia hata siku moja ikiwaka. Tunachojua ni kwamba ni 1600 SSS yenye kabureta mbili, na kwamba kwa miaka mingi kuku wamekuwa wapangaji wake bila kulipa kodi.

Babu (saa 1:31 asubuhi)
Marahaba mjukuu wangu. Kabla hamjagusa boliti hata moja ya hedi, wekeni spana chini mnisikilize. Injini hiyo ni L16, na kamshafti yake, ule mhimili unaofungua valvu, iko juu ya hedi, ikizungushwa na cheni ndefu inayopanda kutoka kwenye krenkishafti, mhimili mkuu wa chini. Ndani, upande wa mbele, kuna tenshena ambayo husukumwa na springi ili cheni isilegee. Mkiichomoa sproketi ya juu, gurudumu la meno la cheni, bila kuikaza cheni kwa kabari, ile tenshena itatoka mahali pake na kurukia ndani, na hamtaweza kuirudisha mpaka mfungue kifuniko chote cha mbele pamoja na kulegeza sampu ya oili. Chongeni kabari ya mti mgumu, ndefu, nyembamba upande mmoja, muishindilie katikati ya pande mbili za cheni, na muifunge kamba ili isizame.

Mjomba Kigoma (saa 1:38 asubuhi)
Ninathibitisha kwamba maneno hayo ni yake mwenyewe. Baba yuko hapa barazani Mwanga, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua, anaandika kwa kidole kimoja na chai yake imepoa. Tangu aje kwetu kupumzika sijamwona amechangamka kiasi hiki.

Mjukuu wa Cheyo (saa 2:50 asubuhi)
Ahsante Babu. Kwa kweli fundi alikuwa tayari ameshika spana ya sproketi. Tumepata kipande cha mninga kwa seremala wa Ng'ambo, tumekichonga kama ulivyosema, na tumekifunga kwa katani. Seremala amekataa malipo baada ya kusikia kazi yenyewe ni ya nini, ila ameomba apewe lifti ya kwanza.

Babu (saa 2:57 asubuhi)
Mninga unafaa. Mimi mara ya kwanza sikutumia kabari, na kazi ya asubuhi moja ilinichukua siku nne.

Mjukuu wa Cheyo (saa 9:20 alasiri)
Hedi imetoka salama na cheni haijasogea. Sasa naomba wazee mnisaidie kusoma tulichokikuta. Nikipitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda, karibu na ukingo wa juu, unakwama kwenye ngazi, yaani mahali ambapo ringi ya juu huishia kila pistoni inapopanda. Fundi ameazima geji ya kupimia silinda. Kipimo cha kiwandani ni milimita 83, lakini silinda namba mbili inasoma 83.24 pale juu na 83.03 tu kule chini, na nyingine tatu hazipishani nayo sana. Ringi za juu zimekuwa nyembamba mfano wa wembe. Hata hivyo, tulipogeuza bloku na kufungua beringi za kondorodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenkishafti, tulizikuta zina uso wa kijivu laini, bila mikwaruzo ya kutisha.

Babu (saa 9:41 alasiri)
Huo ni mchanga wa barabara zetu, mjukuu wangu. Ninyi mnaokwenda Itigi leo juu ya lami, dirisha limefungwa na muziki unapiga, hamwezi kujua kipande cha Nyahua kilikuwa kitu gani wakati wa kiangazi. Mchanga ulikuwa wa kina cha viganja viwili, mwepesi kama unga wa muhogo, na dereva aliyekanyaga breki humo alikuwa ameomba kulala porini. Ilikupasa uingie ukiwa tayari kwenye gia ya pili, uuache usukani ucheze kidogo mikononi bila kuulazimisha, na usibadilishe gia mpaka uone mti ulio kwenye ardhi ngumu. Barabara ya Nzega ilikuwa na shida ya namna nyingine, kwa sababu ilikuwa na mawimbi kama bati la nyumba. Ukienda polepole, gari lilitetemeka mpaka meno yakagongana. Ukikaza mwendo, magurudumu yaliruka kutoka wimbi hadi wimbi na gari likatulia, isipokuwa kwamba sasa usukani haukushika tena chini, na mbele yako kuna kundi la ng'ombe.

Babu (saa 9:52 alasiri)
Hapo ndipo SSS ilipoyaacha magari mengine, kwa maana haina ekseli moja iliyonyooka nyuma. Kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake, kwa hiyo likigonga shimo upande wa kushoto, la kulia linaendelea kusukuma. Nilipolinunua mwaka 1974 kutoka kwa mwalimu aliyekuwa akihama, watu waliniuliza kwa nini nisichukue Land Rover. Niliwajibu kwamba mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki kwa gari la aina hii hii, na kwamba barabara iliyoshindwa kuliua gari la Herrmann haitaliua la kwangu.

Mjomba Kigoma (saa 10:05 alasiri)
Kwa heshima zote, Baba, ukitaja Safari usiiruke Peugeot 404. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alishinda nayo mwaka 1966 na akarudia mwaka 1967. Na kwa habari ya ufundi, 404 ina slivu, yaani kuta za silinda zinazochomoka. Zikilika, fundi anazitoa kwa mkono, anaingiza mpya pamoja na pistoni zake, anafunga, na hahitaji mashine ya kerezo. Ndiyo maana ziliishi muda mrefu mikoani, mbali na karakana kubwa. Bloku ya Datsun haina slivu, kwa hiyo ikilika lazima isafirishwe.

Babu (saa 10:11 alasiri)
Sikatai habari ya slivu. Ila mwaka 1972 nilisimama mwenyewe Dar es Salaam wakati Safari ilipoanzia kule, na nikayaona magari yakiondoka kwa macho yangu. Mwaka ule alishinda Hannu Mikkola na Ford Escort, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo ya Afrika kuipata Safari. Uniache kidogo na Datsun zangu, kwa sababu mwaka uliofuata Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa sawa kwa alama, wote wawili katika Datsun, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa.

Mjukuu wa Cheyo (saa 10:30 alasiri)
Babu, nisamehe kwa kuirudia injini, kwa kuwa fundi ana swali ambalo anaona haya kuuliza mwenyewe. Anasema kwamba uchafu ukiingia kwa njia ya oili, huanza kuzila beringi za krenkishafti. Ukiingia pamoja na hewa, hukutana kwanza na ringi ya juu na ukuta wa juu wa silinda, kisha husukumwa nje na moshi kabla haujafika chini. Kwetu beringi ni nzima na juu ndiko kulikoliwa. Kwa hiyo anauliza kwa adabu: je, gari hili lilikuwa na chujio la hewa? Maana kabureta zote mbili tumezikuta midomo wazi, na hakuna sanduku lolote juu yake.

Babu (saa 10:58 alasiri)
Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipuri viliadimika nchi nzima, kama wazee wenzangu watakavyokumbuka. Chujio lile lilikuwa la karatasi, na karatasi ile haikupatikana Tabora, wala Mwanza. Hatukuwa na njia.

Shangazi Isevya (saa 11:15 jioni)
Shikamoo Baba, natumaini umeamka salama na mgongo unaendelea vizuri. Nimesoma mazungumzo yote tangu asubuhi na nilikuwa nimekusudia kunyamaza, lakini sasa historia inapotoshwa mbele ya watoto. Sanduku la chujio halikuondolewa miaka ya 1980. Liliondolewa mwaka 1977, wiki moja kabla ya harusi ya Urambo, na aliyekushikia bisibisi ni mimi. Uliniambia kwamba magari ya mashindano hayavumi kama jiko la mchina. Ulipolitoa, ukakanyaga mafuta mara tatu pale uani, na mama akatoka jikoni na mwiko akidhani tangi limepasuka. Tulikwenda Urambo kwa mvumo huo njia nzima, tukafika nyekundu kama matofali, na bibi harusi alikataa kupanda.

Shangazi Isevya (saa 11:19 jioni)
Na suala la kuipita Nyahua kwa gia ya pili bila kusimama, ni kweli tulipita. Kaka na mimi tulipita tukisukuma.

Mjomba Kigoma (saa 11:22 jioni)
Baba ameweka simu kifudifudi juu ya meza na anaangalia ziwa. Kuhusu kusukuma, dada, mimi ninao ushahidi, kwa sababu kovu la goti langu la kulia limetokana na bampa ya nyuma.

Mjukuu wa Cheyo (saa 11:30 jioni)
Babu, hatujasema neno.

Babu (saa 12:04 jioni)
Ni 1977. Binti yangu ana kumbukumbu ya karani wa mahakama. Chujio lilikuwa zima kabisa nilipolitoa, na karatasi yake ilikuwa nyeupe. Mtu hawezi kuielewa sauti ile asipoisikia. Kabureta mbili zikivuta hewa kwa pamoja hutoa mlio wa chini, kama simba aliye mbali, na nilipopita mbele ya stesheni ya reli hata makuli waliweka mizigo chini wakatazama. Vumbi nililijua. Nilisema nitalirudisha chujio baada ya harusi.

Babu (saa 12:10 jioni)
Sasa turudi kwenye kazi. Kwa 83.24 mnahitaji pistoni za milimita nusu zaidi, na silinda zikerezwe ziifikie 83.50. Lakini agizeni pistoni kwanza na msubiri zifike. Fundi wa kerezo apime kila pistoni kwa maikromita na akereze kila silinda kufuata pistoni yake, kwa sababu jirani yetu mmoja alikubali bloku yake ikerezwe kabla pistoni hazijafika, na tangu siku hiyo injini yake iligonga kila asubuhi mpaka ipate moto. Vifuniko vya kondorodi vipigwe alama, kila kimoja kibaki na kondorodi yake. Mkimaliza, nafasi ya valvu injini ikiwa baridi iwe milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutolea moshi.

Mjomba Kigoma (saa 12:16 jioni)
Pistoni na ringi nitalipia mimi. Nimeuliza Dar es Salaam, na muuzaji anasema itachukua kama wiki tatu mpaka zifike Tabora.

Shangazi Isevya (saa 12:20 jioni)
Chujio jipya nitanunua mimi, na nitasimamia likifungwa. Sanduku lenyewe halikupotea. Marehemu mama alilitwaa akalifanya kiota. Mjukuu, tazama ndani ya banda, nyuma ya pipa la pumba.

Mjukuu wa Cheyo (saa 12:41 jioni)
Nimelipata, Shangazi. Lina kutu kidogo kwenye kona moja, lakini matundu yote ya boliti ni mazima na yanakubaliana na kabureta. Tatizo ni kwamba lina mayai tisa na tetea ameanza kuyaatamia leo, na nilipojaribu kumwondoa amenidonoa mkono.

Babu (saa 12:44 jioni)
Muacheni aangue. Ni siku 21, na pistoni zenyewe hazijafika.