Ngao ya kijani ya I-40: inanirudisha barabara kuu?

Swali: Wakuu, Arizona, Marekani, kuna ngao (vibao vya barabara) za kijani za I-40, yaani barabara kuu ya Interstate 40, zinazoelekeza mjini. Nikizifuata nitarudi barabara kuu?

Jibu: Soma neno lililoandikwa kwenye ngao. LOOP hukupitisha mjini na kukurudisha upande wa pili. SPUR huishia mjini, unageuza. Ya mji wa Winslow ni LOOP, inapita ilipokuwa barabara kuu ya zamani ya Route 66: Second Street kwenda mashariki, Third Street magharibi. Usizichanganye, kila moja ni ya upande mmoja.

Jibu: Mwenye haraka asiingie, kuna taa na makutano. Vibao hukosekana hasa penye kona. Ukipita makutano kadhaa bila ngao, rudi ulipokata kona mwisho.

Jibu: Namba inajirudia. Miji ya Holbrook, Flagstaff na Williams nayo ina ngao ya kijani ya I-40, hivyo ukitafuta kwenye ramani taja mji.